Ng'ombe wangu wanazaa kila mwezi: nimtenge dume lini?

*Swali: Shikamoo mtaalamu. Niko Sanya Juu, wilaya ya Siha. Marehemu baba alituachia ng'ombe wa nyama, na mwaka huu ni wa tatu ninawasimamia. Majike wa kuzaa ni 42, wengi chotara wa Boran na zebu wetu, na dume ni mmoja, anakaa nao mwaka mzima. Mwaka jana nilipata ndama 24, kila mwezi wawili watatu. Watano walikufa, wanne kati yao walizaliwa kati ya Julai na Septemba. Mnunuzi anayenenepesha analalamika kwamba ndama wangu hawalingani. Nimeambiwa nimtenge dume ili wazae kwa msimu. Nimtenge lini, na nitamzuiaje wakati mchungaji ninaye mmoja tu? Sasa ni Septemba na majani yameisha.*

Marahaba, binti yangu. Umefanya vizuri sana kuandika tarehe za kuzaliwa na za vifo. Wengi wanaoniuliza swali kama lako hawana hata daftari, na bila daftari mimi nabaki kubahatisha. Acha nianzie kwenye namba zako.

Ndama 24 kwa majike 42 maana yake ni kwamba jike wako mmoja, kwa wastani, anazaa mara moja katika miezi 21. Mimba ya ng'ombe wa aina hiyo ni siku 285 hivi, yaani miezi tisa na nusu. Miezi kumi na moja na nusu iliyobaki jike huyo anachungwa, ananyweshwa, anaogeshwa, na tumboni hana kitu. Dume yuko naye siku zote hizo. Kwa hiyo majike wako hawakosi dume. Wanakosa joto, yaani ile hali ya jike kuwa tayari kupandwa. Jike aliyekonda huku ananyonyesha haingii kwenye joto. Mwili wake unamlinda ndama aliyepo na yeye mwenyewe, habari ya mimba nyingine inasubiri. Ndiyo maana nakuomba, kabla ya kufikiria zizi la dume, uelewe hili: kumtoa dume ni kazi ya asubuhi moja. Kuwafanya majike wawe tayari siku dume anaporudi ni kazi ya miezi minane, na sehemu yake kubwa iko kwenye kiangazi hiki hiki ulichomo sasa. Nimeona wafugaji wakimfungia dume kwa ukali wote, wakamfungulia Aprili kwa majike waliobaki mifupa, na mwaka ule wakapata ndama wachache kuliko walivyopata dume alipokuwa huru. Kisha wanasema msimu haufai.

Sasa hesabu ya mwaka. Siku 365, ondoa 285 za mimba, zinabaki 80. Ndani ya siku hizo 80 mfuko wa uzazi urudi katika hali yake, kazi ya siku 30 hadi 45 kama kondo la nyuma lilitoka salama. Kisha joto lirudi. Kisha jike apandwe na mimba ishike. Joto huja kila baada ya siku 21 hivi, na si kila kupandwa kunashika. Jike anayerudi kwenye joto siku ya 50 ana nafasi mbili za kuzaa tena ndani ya mwaka. Anayerudi siku ya 75 ana moja. Anayerudi siku ya 120 ameshauvuka mwaka, na mwaka unaofuata atachelewa zaidi, mpaka siku moja ndama wake anadondoka Agosti, mama hana maziwa, na wewe unaandika kifo kwenye daftari. Wale ndama wako wanne walianza kufa tangu mama zao walipochelewa kushika mimba.

Kwa ukanda wetu huu wa Siha, Hai na Arusha, masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Novemba na Desemba, na kiangazi kirefu ni Juni hadi Oktoba. Mimi ningekupangia dume aingie kwa majike tarehe 20 Aprili, atoke tarehe 22 Juni. Hizo ni siku 63, mizunguko mitatu ya joto. Ndama wa kwanza watazaliwa mwishoni mwa Januari, wa mwisho siku za mwanzo za Aprili. Ona jinsi mwaka unavyojipanga: miezi mitatu ya mwisho ya mimba, ambayo ndama anakua kwa kasi tumboni, inaangukia vuli na majani yaliyobaki ya vuli. Maziwa ya mama hufika kileleni wiki ya sita hadi ya nane baada ya kuzaa, na hapo ndipo masika imekolea. Dume anaingia wakati majike wanaongezeka uzito, na jike anayeongezeka uzito ndiye anayeshika mimba. Kiangazi kinapobana mwezi wa Agosti, ndama ana miezi mitano au sita, anakula majani mwenyewe.

Kama una shaka, fungua daftari lako na uhesabu. Natarajia utakuta ndama wengi kidogo kati ya Januari na Aprili kuliko miezi mingine, hata kama dume alikuwa huru, kwa sababu wengi hupata mimba wakati wa masika penye lishe. Ng'ombe wenyewe wameshakuonyesha msimu wao. Kazi yako ni kuwafuata.

Mitamba, yaani majike ambao hawajazaa bado, wana tarehe yao. Waanze wiki tatu kabla ya wakubwa, tarehe 30 Machi, dume akiwa nao peke yao. Anayezaa kwa mara ya kwanza bado anakua, ananyonyesha, na meno yanabadilika; huchelewa kurudi kwenye joto kuliko mkubwa. Ukimpa wiki tatu za kutangulia, unamnusuru mwaka wake wa pili, na mwaka wa pili ndio unaowatoa wengi kundini. Asipandwe kabla ya kufika asilimia 60 hadi 65 ya uzito wa jike mzima. Kama majike wako wazima wana kilo 350, mtamba awe na 210 hadi 230. Mkanda wa kupimia uzito kifuani unatosha kwa kazi hii, usikadirie kwa macho. Macho ya mwenye ng'ombe huwa na huruma.

Nije kwenye miili ya majike, maana hapa ndipo penye kazi. Kesho asubuhi, wakati wanatoka zizini, simama nyuma yao mahali ambapo wanapita mmoja mmoja. Mtazame kila jike uti wa mgongo na nyonga kwa nyuma, kisha mbavu kwa ubavuni. Baadaye, kwa wale wapole, weka kiganja juu ya mbavu fupi, zile zilizo kati ya ubavu wa mwisho na nyonga, na ubonyeze kwa dole gumba. Kama ncha za mbavu ni kali kama meno ya kitana, huyo kwangu ni 1 au 2 kwa kipimo cha 1 hadi 5. Kama unazisikia lakini zimefunikwa na nyama kidogo, ni 3. Siku ya kuzaa namtaka mkubwa awe 3, na anayezaa kwa mara ya kwanza awe zaidi kidogo ya hapo. Andika namba kwa kila mmoja. Rudia mwanzoni mwa Desemba. Ukisubiri kupima Februari utakuwa unaandika historia tu, kwa sababu kumnenepesha jike anayenyonyesha ni kazi ya gharama sana: chakula chote anakigeuza maziwa.

Wale wa 1 na 2 uwatenge kundi lao hata kama ni sita tu. Mabua ya mahindi unayowapa yanajaza tumbo, lakini protini yake huwa chini ya ile asilimia 7 ambayo vijidudu vya tumboni vinahitaji ili vimeng'enye majani. Ndiyo sababu unaona ng'ombe tumbo limejaa na mgongo unazidi kuchongoka. Kilo moja ya mashudu ya alizeti kwa siku inabadilisha mambo, kwa sababu inawawezesha wameng'enye mabua yenyewe. Maganda ya maharage, ambayo kwenu yanapatikana baada ya mavuno, ni bora kuliko mabua. Yanunue mapema, yakishafika Oktoba bei inakuwa nyingine. Molasi kutoka kiwanda cha sukari cha TPC kule Moshi inasaidia kulainisha mabua na kuongeza nguvu, lakini haina protini ya maana, isichukuliwe kama mbadala wa mashudu. Na magadi si madini kamili. Magadi yana sodiamu. Fosforasi, ambayo uzazi unaihitaji sana kwenye majani makavu, hayana. Weka jiwe la madini lenye fosforasi.

Halafu kuna jambo la bei nafuu kuliko yote: waachishe ndama kunyonya mapema. Ndama wa miezi sita au saba anayeendelea kunyonya Septemba anamaliza mwili wa mama yake kwa maziwa ambayo kwake ni kionjo tu. Mtenge ndama, mpe yeye chakula kizuri kidogo ulicho nacho, na mama atapumzika. Wazee wa Kimasai hutenga kipande cha malisho karibu na boma kwa ajili ya ndama na wagonjwa, wanakiita olopololi. Wasukuma wana ngitili yao. Mwakani kuanzia Mei funga pembe moja ya shamba lako isiingiwe na ng'ombe mpaka Agosti. Hakuna mashudu yatakayokurudishia faida kama kipande hicho.

Sasa dume. Umeniandikia Septemba, na hilo ni zuri. Jike atakayepandwa katikati ya Septemba hii atazaa mwishoni mwa Juni mwakani, akiingia moja kwa moja kwenye miezi ile uliyopoteza ndama. Kwa hiyo mtoe dume wiki hii. Majike watakaobaki watupu mpaka Aprili watakuuma moyo, lakini mimba za vuli zingekuzalia ndama wa Agosti na Septemba, na hao umeshaona mwisho wao.

Siku hiyo hiyo muite daktari wa mifugo apime mimba kundi zima kwa mkono. Aliyeshika zaidi ya siku 60 hivi atajulikana vizuri. Wale watakaoonekana watupu wapimwe tena Novemba, maana huenda wameshika juzi. Kisha wagawe. Watupu wazee, wenye kiwele kibovu, na yeyote ambaye daftari linaonyesha amepitisha miaka miwili bila ndama, wapeleke mnadani Weruweru mapema, kabla kila mtu hajapeleka ng'ombe zake zilizokonda. Najua baadhi yao walikuwa ng'ombe wa baba yako na una majina yao. Wabakishe wawili kwa ajili ya moyo, si kumi. Nyasi wanazokula hao kumi ndizo zinazokosekana kwa jike wa 2 ambaye angeweza kuwa 3.

Usijaribu siku 63 mwaka wa kwanza. Utawapoteza majike wazuri ambao kosa lao ni kuzaa wakati mbaya kwa sababu yako. Mwakani mwache dume siku 120, kuanzia 20 Aprili mpaka 18 Agosti. Mwaka wa pili siku 90, mpaka 19 Julai. Mwaka wa tatu ndipo ufunge 22 Juni, na kuanzia hapo daktari aje kila mwisho wa Agosti, siku moja, apime wote, na aliyekutwa mtupu aende mnadani akiwa bado na nyama. Siku hiyo moja ya Agosti ndiyo itakayokulipa kuliko siku nyingine zote za mwaka. Kuna watakaokushauri uwe na misimu miwili, masika na vuli. Kwa ng'ombe mia tatu ningekubali. Kwa 42 nakataa: jike aliyekosa masika anasogezwa vuli, aliyekosa vuli anasogezwa masika, na baada ya miaka mitatu umerudi ulipoanza.

Kuna jambo ambalo hukuuliza. Dume mmoja aliwatosha majike 42 kwa sababu walikuja kwenye joto mmoja mmoja mwaka mzima. Ukiwakusanya ndani ya miezi miwili hatawatosha. Mimi huhesabu majike 25 hivi kwa dume mzima, 15 kwa kijana. Utahitaji wa pili. Usiwaweke pamoja, watapigana huku majike wanapita. Wapishane wiki moja moja. Na tafadhali usiazime dume la jirani ambalo limeshapanda kwingine. Kuna magonjwa ya zinaa ya ng'ombe, trikomonasi na vibrio, ambayo dume hayaonyeshi kabisa: anakula vizuri, anapanda vizuri, na majike wanapoteza mimba changa bila wewe kuona kitu, ila wanarudi kwenye joto baada ya siku 35 au 50 badala ya 21. Nunua dume kijana ambaye hajapanda. Ranchi ya NARCO (kampuni ya ranchi za taifa) ya West Kilimanjaro iko karibu nawe, anza kuulizia huko. Damu ipimwe brusela, ugonjwa unaowatupisha majike mimba; maabara ya mifugo ya serikali (TVLA) ya Arusha inafanya. Na kama dume wa baba amekaa zaidi ya miaka mitatu, ujue sasa anapanda binti zake. Muda wake umefika.

Kwa mitamba njia nyingine ni uhamilishaji, yaani kumpandisha jike kwa mrija wa mbegu bila dume. Kituo cha taifa cha NAIC kipo Usa River na mbegu za Boran huwa zinatoka hapo. Lakini joto la zebu ni fupi, mara nyingi saa kumi hivi tu, na hupenda kuja usiku, kwa hiyo bila sindano za kuwaleta pamoja kwenye joto mchungaji wako mmoja hataweza kuwagundua.

Dume apimwe Februari, si Aprili. Mbegu za leo zilianza kutengenezwa miezi miwili iliyopita. Dume aliyeugua homa kali Machi anaweza kupanda kila siku ya Aprili bila kushikisha mimba hata moja, na kwa macho hutaona tofauti. Korodani zishikwe: ziwe sawa, ngumu kiasi, zinacheza huru kwenye mfuko. Atembezwe kwenye mteremko, kwato na magoti yaangaliwe.

Kuhusu mchungaji mmoja: usimpe kazi ya kumzuia dume malishoni, hataiweza, hakuna anayeiweza. Dume abaki nyumbani kwenye zizi lake la magogo, mbali na upepo wa majike kadiri unavyoweza, pamoja na maksai mmoja au wawili wa kumpa kampani, maana dume wa peke yake huvunja zizi. Atakatiwa majani na kuletewa maji. Wenye kondoo wa Kimasai humfunga kondoo dume wao kipande cha ngozi tumboni ili asipande nje ya wakati. Kwa ng'ombe sijaona kikifanya kazi. Hatari yako kubwa itakuwa vijana dume wako mwenyewe. Dume wa miezi 14 anaweza kumpa mimba dada yake. Wahasiwe wote kwa burdizo, yale makoleo ya kuhasi, kabla ya miezi sita, na siku za josho na kisimani mchungaji apishane saa na makundi ya majirani.

Ukifika Januari, ndama wakianza kuja kwa pamoja, utaona faida ambayo haimo kwenye hesabu za uzito. Mtu mmoja anaweza kulala zizini wiki sita na kuhakikisha kila ndama amenyonya dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya saa sita za kwanza. Chanjo ya ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, ndiyo inayopendeza zaidi: mrija wa chanjo ukishatolewa kwenye mtungi wa naitrojeni na kuyeyushwa haurudi, dozi zake zote lazima zitumike saa hizo hizo. Ndama wawili watatu wa mwezi huu na wawili wa mwezi ujao hawakulipi kumuita mchanjaji. Ndama 25 waliovuka mwezi mmoja, wakisubiri kupe wa masika, wanakulipa. Jike akitupa mimba usiishike kwa mikono mitupu, wala asiishike mchungaji. Brusela huingia kwa binadamu hivyo hivyo.

Nawakumbusha na wasomaji wa Simanjiro na Longido wasichukue tarehe hizi kama zilivyo. Huko nyumbu huzaa kati ya Januari na Machi, na ndama wao wa miezi mitatu minne ya kwanza hueneza virusi vinavyomuua ng'ombe, ugonjwa usio na tiba. Mkilazimika kuhamisha kundi kwenye malisho duni miezi hiyo, jike aliyetoka kuzaa ataumia. Sogezeni dume mwezi mmoja mbele.

Wewe, binti yangu, nitumie mwishoni mwa wiki namba za miili ya hao 42 na majibu ya daktari ya mimba. Niandikie pia una magunia mangapi ya maganda na shamba lina ekari ngapi za kufunga Mei, nikupigie hesabu ya mashudu ya kuanzia sasa mpaka vuli inyeshe.